Gwaride la Makoti ya Kijani

Nyumbani kwetu Kyimo udadisi wangu uliitwa umbeya, na nilichapwa kwa ajili yake. Chuoni waliuita upelelezi, wakaupa alama. Wenzangu wengi kwenye kozi ya jinai walifuata mshahara na sare. Mimi nilitaka kujua. Nani alipita hapa, alivaa nini, na kwa nini anasema alitoka saa moja wakati kuku wake walikuwa bado bandani? Mtu akinipa jibu, nilitamani kuchungulia nyuma ya jibu lenyewe.

Somo nililolipenda kuliko yote lilikuwa gwaride la utambulisho. Shahidi kamwona mwizi lakini hamjui jina. Basi unampanga mtuhumiwa katikati ya watu wengine wanane wanaofanana naye umri, kimo na mavazi, kisha shahidi anapita mbele yao mmoja mmoja. Akimwona anayemtafuta, anamgusa begani. Asipogusa mtu, hakuna kesi. Mkufunzi wetu alisema hapo sheria haihitaji hotuba, inahitaji macho na mkono. Niliandika maneno hayo daftarini nikayapigia mstari mara mbili, kama vile nilikuwa nimeyatunga mimi.

Tulipopelekwa fildi niliomba nirudi Rungwe, nikapangiwa kituo kidogo cha polisi njia ya kwenda Ikuti, ambacho leo hakipo tena. Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mpenzi wa chai ya tangawizi. Alikuwa amekaa kwetu miaka miwili, na katika miaka hiyo alichokuwa amekifahamu sawasawa ni mvua. Alisema mvua za Rungwe hazina adabu, zinaingia bila hodi.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipopamba moto. Kahawa ilianza kununuliwa na watu binafsi, sabuni tulizozipangia foleni utotoni zikajaa madukani mpaka zikakosa heshima, na mitumba ikamwagika. Kuna robota lililofunguliwa Tukuyu lilikuwa na makoti ya kijani matupu, mazito, ya mshono mmoja. Kwa baridi yetu ile, wanaume waliyagombania. Siku ya ukungu ukisimama sokoni ungedhani kuna jeshi la wazee linasubiri amri.

Basi alfajiri moja mwizi alivunja kibanda cha muuza mitumba akaondoka na robota zima. Aliyemwona alikuwa mtu mmoja tu, mama kijana aliyekuwa anapeleka ndizi sokoni. Walikutana uso kwa uso kwenye kona. Alieleza kuwa ni mtu wa makamo, mwenye koti la kijani na robota begani. Hakumjua, lakini alisema akimwona tena hatakosea kumtambua.

Polisi wakamkamata kibarua wa shamba la chai. Kosa lake lilikuwa kuwa na umri huo, kuvaa koti hilo, na kupita njia hiyo kwenda kuchuma chai. Mke wake alimletea chakula kila mchana kwenye bakuli lililofungwa kitambaa, na siku moja nilipompokea bakuli aliniambia, kwa Kiswahili cha kwetu kisichoijua z, jambo ambalo chuoni hawakuligusa.

"Hata mkimwachia haisaidii, mwanangu. Mnyapara ameshasema hataki mwisi shambani kwake. Mpaka aliyeiba aonekane, mume wangu ataitwa mwisi mpaka kaburini."

Nilimwambia awe na subira, gwaride litaonyesha kila kitu. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili, na niliamini.

Siku ya gwaride mkuu wa kituo alinituma nitafute watu wanane. Nikaenda kwenye foleni ya mnunuzi wa kahawa, nikawa nawachagua kama mtu anayechagua viazi: makamo, kimo cha kati, koti la kijani. Saba walikubali haraka kwa sababu niliwaahidi soda. Wa nane alisita.

"Ni lasima?" aliuliza.

"Si lazima, mzee, lakini ni kusimama tu. Na soda juu."

Wenzake wakamcheka, wakamwuliza kama anaogopa soda. Akaja. Nikifikiria sasa, nilitumwa kutafuta watu wanaofanana na mwizi, nami niliifanya kazi hiyo vizuri kupita kiasi.

Tuliwapanga uani. Yule kibarua alichagua kusimama wa tatu, ni haki yake. Mzee aliyesita alikuwa wa sita. Shahidi akaingizwa, khanga kichwani, macho chini. Mkuu wa kituo akamwambia kwa upole lakini kwa mkazo, "Mama, inua macho. Mtazame kila mmoja usoni. Ni amri."

Akainua. Akapita wa kwanza, wa pili. Kwa kibarua hakusimama hata kidogo. Wa nne, wa tano. Kwa wa sita akasimama. Nilikuwa karibu, nikaona mkono wake wa kulia unanyanyuka. Hapo mzee akakohoa, kikohozi kimoja kikavu, cha kusafisha koo. Yule mama akaushusha mkono, akaivuta khanga mpaka kidevuni, akageuka, akakimbia nyuma ya kituo kana kwamba ameona nyoka.

"Namba sita!" mkuu wa kituo akapaza sauti. "Kamata huyo!"

Mimi nikacheka. Naungama, nilicheka, kwa raha ya mtu anayejua jambo ambalo bosi wake halijui. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto wako hakutazami usoni, wala halitaji jina lako. Akikusikia unakuja anaacha njia, anajificha migombani. Na wewe baba mkwe, kama una adabu, unakohoa mapema ili apate muda wa kujificha. Mambo yanalegea siku hizi, hasa mjini, lakini vijijini yalikuwa bado yana nguvu.

"Afande," nikasema, "huyu ni baba mkwe wake. Amemkoholea."

Mzee akathibitisha huku ameinamisha kichwa. Ndiyo, ni mke wa mtoto wake wa pili, wala hakujua kwamba shahidi ndiye yeye. Aliomba radhi kwa kuharibu kazi ya serikali. Konstebo mmoja wa pale kituoni, mwenyeji wa Igogwe, naye akasema mila ni hiyo. Watu uani wakaangua kicheko, mkuu wa kituo akafuta jasho, akaniambia mbele ya wote kwamba bila mimi angemfunga mzee wa watu kwa kosa la kuwa na mkwe. Mzee akapewa soda yake, akainywa kwa kusimama, akaenda zake.

Tukamweka mwingine mahali pake na gwaride likarudiwa. Yule mama akapita mbele ya wote tisa, akarudi, akasema, "Hayumo." Jioni kibarua akaachiwa. Mimi nilitembea uani kifua mbele.

Ila ule mkono haukuniacha. Kama alikimbia kwa sababu ya kikohozi, mbona mkono ulinyanyuka kabla ya kikohozi? Mtu mwenye akili timamu angeliacha swali hilo lipite. Jioni hiyohiyo nikamfuata yule mama, nikamkuta anapanda kilima, nikajitia namsindikiza.

"Dada," nikamwambia, "pale kwa wa sita ulitaka kumgusa."

Akaongeza mwendo. Mvua ilikuwa imeanza, ile yetu ya kunyunyiza.

"Mimi nimeolewa mwaka wa tatu," akasema. "Uso wa mkwe wangu sijawahi kuutasama. Najua kikohosi chake. Najua miguu yake, basi. Leo wakasema tasama usoni, ni amri. Nikatasama. Nikamwona mwisi wangu wa siku ile, yuleyule. Nikanyanyua mkono. Ndipo akakohoa."

Nilisimama. Yeye naye akasimama, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Kwa hiyo ndiye," nikasema.

"Dada, mimi nina watoto wawili. Nikisema, mume wangu atanirudisha kwetu leo hii, na watoto watabaki kwao. Na nitasemaje? Jina lake siwesi kulitaja. Kumnyooshea kidole siwesi. Hata haya niliyokuambia, sijui nimeyatoa wapi." Akashika mkono wangu. "Usiandike."

Sikumwahidi. Lakini sikuandika pia. Niliketi na ripoti yangu ya fildi siku tatu, nikaandika kwa mwandiko mzuri jinsi mila za wenyeji zilivyotaka kupotosha gwaride, na jinsi askari anavyopaswa kuwajua watu anaowahudumia. Yote yaliyoandikwa mle yalikuwa kweli. Mkufunzi aliisoma mbele ya darasa zima. Nilipata alama ya juu kuliko wote, nikapigiwa makofi, na nilitamani ardhi ipasuke.

Nimelifikiria mara nyingi tangu hapo. Kama ningesema, mama yule angeikana kauli yake, kesi ingekufa, na angepoteza watoto bure. Hivyo ndivyo ninavyojitetea, na utetezi si mbaya. Ila nilijua kulikuwa na mtu mwingine kwenye mizani, na yeye sikumwuliza.

Siku yangu ya mwisho pale kituoni alikuja. Yule kibarua wa chai, na mkungu wa ndizi begani. Alisema ni zangu, kwa sababu alisikia binti wa Kyimo ndiye aliyefanya gwaride likarudiwa na yeye akatoka. Nilikataa, akakataa kukataliwa. Kisha akasimama pale mlangoni akizungusha kofia mkononi, nikajua ana jambo.

"Mwanangu, nilikuwa naomba karatasi."

"Karatasi gani, baba?"

"Ya serikali. Yenye mhuri. Iseme kwamba mwisi si mimi. Nimpelekee mnyapara. Anasema kuachiwa si kushinda, labda shahidi aliogopa tu. Mke wangu kanisani hawamkalii karibu."

Nilimwambia karatasi ya namna hiyo haipo mpaka aliyeiba apatikane. Ilikuwa kweli, ndivyo utaratibu ulivyo.

"Basi mtampata," akasema, bila hasira yoyote. "Wewe umesoma. Mimi nitangoja. Ndaga fijo, mwanangu."

Akiisha kunishukuru hivyo kwa lugha yetu, akavaa kofia yake, akashika njia ya chini. Nilisubiri apotee kwenye kona ndipo nikalia, maana angeniona angeniuliza kwa nini.