Dondoo Niliyokunywa Siku ya Harusi ya Keji

Watu wangu, hii naisimulia huku nimefunika uso. Chekeni tu, hata mimi siku hizi nacheka.

Mnajua kazi yangu ya maabara hapa Juba, kupima dawa za miti. Tulikuwa na mizizi kutoka Nesitu ambayo wazee huichemsha kwa maumivu ya mgongo, nasi tukaikamua dondoo, yaani maji yake makali. Panya waliovimba miguu tuliwapa, uvimbe ukashuka. Kipande cha utumbo wa sungura kilichokuwa kinajikunja kwenye maji ya chumvi tukakidondoshea kidogo, kikalegea kabisa (Wanjala, Mkenya ninayefanya naye kazi, alipiga makofi). Sasa mimi shingo ilikuwa imekaza kwa kuinamia hadubini, na kesho yake namsimamia dada yangu Keji kwenye harusi, nikajiambia, kama wazee wanakunywa, mimi ni nani? Asubuhi ya harusi nikapiga funda moja, nikasahau kwamba dondoo yetu tulikuwa tumeikausha mpaka ikawa nzito kama asali.

Shingo ikaachia kweli! Nikaingia kanisani pale Nyakuron nikigeuza kichwa huku na huku kama mwenye mji. Mchungaji alipofika kwenye viapo, magoti nayo yakaachia, nikashika kilichokuwa karibu, na kilichokuwa karibu kilikuwa shela ya Keji, shela ikaja, wigi ikaifuata, na mimi huyo sakafuni mate yakinitoka, nataka kusema samahani inatoka "thaaa".

"Ya Rabbi, amelewa!" mama yetu akapiga kelele.

"Mama, huyu hata bia hajui!" Keji akamjibu, kichwa wazi.

Hapo ndipo nilipoogopa, maana kifua nacho kinaendeshwa na misuli, ikilegea yote pumzi inakatika, na hilo pale mbele nililijua mimi peke yangu. Wanjala (naye alikuwa amealikwa) akaruka mabenchi, akanilaza ubavu, akaweka sikio puani kwangu.

"Umekunywa ile?"

Nikafumba macho kukubali.

"Anapumua. Leteni gari!"

Kliniki walinilaza na oksijeni kando, wakinichungulia. Alasiri kidole gumba cha mguu kikacheza, nikalia kwa furaha, jamani, kidole tu!

Kisha mlango ukafunguka, Keji na gauni lake, bila wigi, ameshika kipande cha keki.

"Uko hai?"

"Niko."

"Kalas, basi. Sasa naweza kukukasirikia."

Akaniwekea keki mdomoni, akasimama pale akiniangalia mpaka nikameza.

Siku hizi dondoo naionja kwa macho tu, tena nikiwa mbali.