Nani Kasema Mlinzi Alilala?

Mwalimu wa maarifa ya jamii shuleni kwetu hana jina lake tena. Wanafunzi wanamwita Nani Kasema, walimu tunamwita Nani Kasema, na mkewe, akishachoshwa naye, humwita hivyo hivyo. Jina amelitafuta mwenyewe. Ukimwambia chai imekwisha, atauliza nani kasema, kisha atanyanyuka kitini akaitikise chupa kwa mkono wake. Mimi nafundisha hisabati, na meza yangu imegusana na yake miaka mingi, kwa hiyo nimetikisiwa chupa nyingi.

Simsengenyi. Ni mtu mwembamba, mpole, mwenye mashati ya kazi yanayofanana mpaka watoto wanaapa kwamba ni moja tu. Lakini mwone akiwa ndani ya chumba cha kompyuta. Kompyuta zetu ni kuukuu, nyingine haziwaki mpaka zibembelezwe, na mtandao huja na kuondoka upendavyo. Hata hivyo kila mwaka darasa lake la saba lazima lifanye utafiti: chagueni tukio moja lililoutikisa mji wetu, litafuteni mtandaoni, kisha mlibandike ukutani wazazi waje wasome. Kwa kila sentensi wanayoandika lazima waseme nani kasema, na je, alikuwepo. Tovuti kumi zilizonakiliana anazihesabu kama moja. Na wakienda kumhoji mtu, anayeuliza asiwe ndugu yake.

"Jamaa hamhoji jamaa," huwaambia. "Utamuuliza babu yako unachotaka kusikia, naye kwa kukupenda atakujibu hicho hicho."

Tulimcheka sana kwa hilo. Kuna mtoto ilibidi aazime mwenzake aje nyumbani kwao kumhoji babu yake, huku yeye mwenyewe ameketi pembeni ameuma midomo.

Mwaka jana kulikuwa na msichana tuliyemwita Wakili, kwa kuwa hajawahi kupokea alama yoyote bila kukata rufaa. Kikundi chake kilichagua mafuriko. Ni mambo ya zamani hayo, wengi wetu tulikuwa hatujazaliwa. Bwawa lililo juu ya mji lilifurika asubuhi moja ya mvua, lango la kupunguzia maji halikufunguliwa kwa wakati, tuta likabomoka na mtaa wa chini ukazolewa. Watu wawili walikufa, fundi viatu na mkewe.

Siku hiyo nilikuwa mlangoni mwa chumba cha kompyuta nikisubiri zamu ya darasa langu. Wakili alimpungia mwalimu mkono, uso umemjaa ushindi.

"Mwalimu, tovuti tano zinasema kitu kimoja! Lango halikufunguliwa kwa sababu mlinzi alikuwa amelala."

Nikamtazama Nani Kasema. Mimi nilijua jambo ambalo watoto hawakulijua: mlinzi huyo alikuwa baba yake. Aliwahi kuniambia tukiwa tunasahihisha mitihani, kwa maneno machache, kisha akaniomba kalamu nyekundu. Mzee alifukuzwa kazi, akaitwa mlalaji maisha yake yote, na kila alipoitwa hivyo alijibu neno moja tu: sikulala. Akafa nalo.

"Hizo tano zimetoa wapi?" mwalimu akauliza. Sauti ilikuwa ya kawaida, ila mkono ulikuwa umekamata kiti.

"Nne zimenakili moja. Hata picha ni ileile, na wala si bwawa letu, kuna mlima nyuma. Hiyo moja haisemi imetoa wapi."

"Basi hamna chanzo. Chagueni tukio jingine."

Nilishtuka. Sijawahi kumsikia akimwambia mtoto aache kutafuta. Wakili naye alishtuka, lakini yule hakosi la kusema.

"Si ndiyo tumepata kazi sasa, mwalimu? Tutafute kama ni kweli."

"Si kweli. Hakulala."

"Nani kasema?"

Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alivuta kile kiti akakaa katikati yao.

"Kasema mwenyewe. Alikuwa baba yangu."

Kicheko kikakatika. Wakili akainamia kibodi. "Pole, mwalimu," akasema, nami nikashukuru Mungu kwamba yameisha. Kumbe bado. "Lakini hicho ni chanzo kimoja. Na wewe ni jamaa."

Vidole viliniwasha nimfinye. Ningekuwa mimi, angemalizia kipindi nje. Nani Kasema alifuta vumbi la kioo cha kompyuta kwa mkono wa shati, kisha akasema, "Mama yangu yupo hai, na alikuwepo. Lakini sitamuuliza mimi. Utamuuliza wewe."

Wanafunzi wakitoka nje ya shule sharti waende na walimu wawili, kwa hiyo nikabebeshwa kazi ya kusindikiza. Njiani alinisogelea.

"Akisema alilala, itabandikwa ukutani."

"Nani atakulazimisha?"

"Nikiificha hii moja, basi miaka yote nimekuwa nawadanganya watoto wa watu." Alikuwa anaogopa, na hakujaribu kunificha.

Mama yake anaishi chumba cha uani nyumbani kwa bintiye. Ni chumba safi: kitanda, cherehani iliyofunikwa kitambaa, na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Watoto walimwamkia shikamoo kwa pamoja, akafurahi.

"Mwanangu, umeniletea wajukuu wanne kwa mkupuo! Mkeo ana habari?"

Mwalimu alitabasamu kwa shida, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango kama mgeni aliyekuja kusoma mita. Wakili akafungua daftari. Aliuliza mvua ilianza lini, waliishi wapi, nani alikuwa jirani. Bibi alijibu yote. Kisha likaja lenyewe.

"Bibi, asubuhi ile babu alikuwa amelala?"

"Hakulala."

Mwalimu akashusha pumzi, nami pia. Nilishaanza kutafuta viatu vyangu. Wakili hakufunga daftari.

"Alikuwa langoni?"

Bibi alinyoosha kitambaa cha cherehani, ingawa kilikuwa kimenyooka.

"Alikuwa kwangu," akasema. "Lango lile lilifunguliwa kwa kuzungusha gurudumu, kazi ya kumaliza mabega ya mtu. Aliona maji yanavyopanda, akajua hatawahi yote mawili. Sisi tulikaa mtaa wa chini, nyumba ya kwanza. Akaacha lango, akateremka mbio. Nilimwona mlangoni amelowa chapachapa. Mtoto alikuwa na miezi minne. Akamfunga kifuani, akanishika mkono, akatupandisha mpaka ghala la mawe. Aliporudi juu, tuta halikuwepo."

"Kwa nini hakuwaambia watu?"

"Angesema nini, mjukuu wangu? Kwamba wake aliwatoa, fundi viatu akabaki? Walipomwita mlalaji, aliona afadhali hiyo. Akasema neno moja la kweli, yaliyobaki akakaa nayo."

Wakili aliandika mpaka akamaliza. Kisha akauliza ambalo halikuwa kwenye orodha yao. "Na mwalimu, mbona hukumwambia?"

Bibi akamtazama mwanawe pale mlangoni, bila ukali wowote.

"Hajawahi kuniuliza."

Mwalimu alitoka uani kunawa uso kwenye bomba, akakawia huko. Nilimwonea huruma, nasema wazi. Tangu siku hiyo sijamtania kuhusu chupa ya chai.

Siku ya wazazi karatasi ilikuwa ukutani, kwa mwandiko wa Wakili. Mlinzi hakulala. Aliondoka langoni kwenda kumwokoa mkewe na mtoto wao mchanga. Fundi viatu na mkewe walikufa. Chanzo: mke wa mlinzi, alikuwepo. Chanzo cha pili: hakijapatikana. Mwalimu alikuwa ameisoma kabla haijabandikwa, na hakubadili neno hata moja.

Mzazi mmoja, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasimama mbele ya karatasi akaisoma kwa sauti. "Na huyo mtoto je?" akauliza. "Akipatikana, si ndiye chanzo chenu cha pili?"

Wakili alifumba mdomo. Hakumtazama mwalimu wala hakumwelekea, na kwa hilo nilimsamehe rufaa zake zote. Ndipo Nani Kasema, kule nyuma kwenye viti vya wazazi, akainua mkono kama mwanafunzi.

"Ni mimi," akasema.

Watu wakageuka. Mwenye duka akakohoa, akashika kofia yake. Wakili alimtazama mwalimu wake, macho yamejaa machozi, lakini kanuni ni kanuni.

"Ulikuwa na miezi minne, mwalimu. Huwezi kuwa chanzo."

"Siwezi," akasema. "Lakini nipo."