Mpiga Drams wa Upande wa Pili

Baba alikuwa mpiga drams wa bendi ya dansi, na sie tulikaa Chang'ombe, nyumba ya kupanga. Siku moja akarudi na kaseti ya Wazungu, imerekodiwa kwenye kibanda cha kuuza kaseti, haina jalada wala jina. Upande wa kwanza ulikuwa jazi ya kuchezeka, gitaa la besi linarukaruka, tarumbeta zinajibu. Upande wa pili ni vinanda vya umeme vitupu, na drams zilizomkosesha baba usingizi.

"Huyu jamaa mchawi!" alisema. "Msikilizeni. Hakosei, hachoki, hapumui!"

"Labda ana mikono minne," mama akamtania.

Baba hakucheka. Bendi zilikuwa zinavunjika kila kona, na drams ndizo zilizotulisha. Alijiona ameanza kupitwa. Basi kila asubuhi akawa anapiga godoro kwa vijiti, kaseti inazunguka, jasho linamtiririka, anamfukuzia yule Mzungu. Mie nilimwonea fahari kwelikweli.

Alasiri moja nikampelekea chakula mazoezini. Kiongozi wa bendi alikuwa amerudi kutoka Dubai na kinanda kipya. Akabonyeza kitufe. Mungu wangu! Zikatoka drams zilezile za kwenye kaseti, vilevile, na hakuna mtu aliyeshika kijiti. Baba akageuka nyuma kumtafuta mpigaji.

"Yuko wapi?"

"Nani tena, mzee? Mashine hiyo. Hata kwenye kaseti yako ni mashine."

Nilishtuka mpaka bakuli likaniponyoka. Wenzake wakaangua kicheko. Ningekuwa na uwezo ningewatia vibao wote. Baba akakaa kwenye drams zake, akaanza kushindana nayo. Wallahi, alikwenda nayo sawasawa, hakuachwa hata pigo moja. Nikapiga makofi peke yangu. Lakini mashine haikuchoka, na hakuna aliyejisumbua kuizima, mpaka mikono ya baba ikalegea.

Jumamosi akapiga pasi shati lake la jukwaani, akakaa barazani kungoja gari la bendi. Lilikuwaga linampitia hapo kabla ya magharibi, na yeye hukaa mbele na dereva. Tukalisikia linakuja. Baba akasimama, akajikung'uta suruali. Sikuamini macho yangu: likapita bila hata kupunguza mwendo, na kwenye kiti chake cha mbele wamekiegemeza kile kinanda, wamekifunika shuka.