Trauti wa Siku ya Theluji

Ijumaa iliyopita madam alileta boksi la samaki wa barafu na kuliweka juu ya meza ya jikoni, hapa Al-Malqa ninapofanya kazi za ndani. Nilipolifungua, ubaridi ulinipiga usoni pamoja na harufu ya maji ya mlimani, si ya bahari. Kisha nikauona ule mstari wa waridi ubavuni. Trauti! Nilicheka peke yangu hata madam akaniuliza kuna nini. Ningemweleza vipi, katika joto hili la Riyadh, kwamba samaki kama huyo niliwahi kumkumbatia nikiwa na miaka tisa, theluji ikinidondokea kichwani?

Baba yetu alikuwa mpagazi. Aliwabebea mizigo wageni waliopanda Mlima Kenya kuvua kwenye ziwa la juu, na ndiye aliyewatengenezea nzi wa bandia wa kunasia samaki. Alifunga manyoya ya shingo ya jogoo kwenye ndoano kwa uzi mwembamba, mpaka jogoo wetu akabaki na shingo tupu na aibu tele. Likizo moja ya Agosti mgeni mmoja alimwachia fimbo yake ya kuvulia. Baba akatuambia mimi na dada yangu Kawira, "Safari hii mnapanda na mimi."

Asubuhi tulipotoka kwenye kibanda cha mlimani, kila kitu kilikuwa cheupe, na theluji bado ilikuwa ikidondoka. Theluji tulikuwa tumezoea kuiona kwa mbali tu, kileleni. Kawira aliionja, akatangaza kwamba haina chumvi wala sukari.

Pale ziwani Baba alitufundisha kurusha: mshipi nyuma, ngoja kidogo, kisha mbele, nzi atue juu ya maji bila kishindo. Mimi niliivua kofia ya Baba kwa ndoano mara mbili. Kawira, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alielewa haraka, nasi tukawa tunapokezana, vidole vikituuma kwa baridi.

Mara, zamu ikiwa ya Kawira, maji yakapasuka! Nzi akamezwa, fimbo ikapinda, kigurudumu cha mshipi kikalia kama cherehani.

"Mwache akimbie!" Baba akapiga kelele. "Usivute! Mwache achoke!"

Samaki alikimbilia katikati, akarudi, akaruka juu. Kisha akazunguka jiwe, na Kawira akaingia majini kumfuata. Hatua ya tatu akateleza, maji yakamfika kifuani.

"Kawira, achia fimbo!"

"Siachi, Baba!"

Baba alijitosa na viatu vyake, akamshika ukosi wa koti, akamkokota hadi ukingoni, naye bado kaing'ang'ania fimbo. Mshipi ukamvuta samaki hadi kwenye maji mafupi, miguuni pangu. Sikufikiri. Nilimlalia mzimamzima, nikamkumbatia kama mtoto mchanga, nikilia na kucheka, "Nimemshika! Nimemshika!"

Tulimchoma kando ya kibanda, Kawira akiwa amevikwa sweta la Baba lililomfika magotini. Nikamwuliza Baba zamu yake ya kuvua ni lini.

"Leo ni yenu," akasema.

Nilipomaliza kazi ile Ijumaa nilimpigia Kawira, ambaye sasa anafanya kazi kwenye nyumba moja mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikamwuliza, "Hivi Baba alivua trauti wangapi maishani mwake?"

Akanijibu, "Hata mmoja. Wapagazi walikuwa hawaruhusiwi kurusha. Siku ile ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda na fimbo yake mwenyewe."

Nawaambia ukweli, nilikaa chini. Miaka yote nilidhani hakutaka tu, au mikono yake ilikuwa imeshikwa na baridi. Kumbe alisimama kwenye theluji kutwa nzima, akiitazama fimbo yake ikipinda mikononi mwa binti zake, na mpaka leo sijaona mtu mwenye furaha kama aliyokuwa nayo yeye.