Kuni za Msiba Wangu

Nilijifunza kusoma nikiwa na umri wa miaka arobaini na miwili, katika darasa la watu wazima lililofanyika ndani ya ghala la mahindi hapa Endabash, na tangu hapo nimekuwa mtu wa kuchosha. Aliyesoma utotoni husahau kwamba anajua kusoma. Mimi sijasahau hata siku moja, wala sijawaruhusu majirani wasahau. Kila asubuhi kabla ya kukamua huandika tarehe katika daftari langu. Watu huja kuniuliza ng'ombe wao alipandwa lini, au mvua za mwaka juzi zilianza lini. Huwajibu bila kufungua daftari, kisha hulifungua ili waone kwamba sikukosea.

Jumanne, tarehe 9 Julai 2024, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mkono wangu wa kulia uliachia chuchu ya ng'ombe na haukutaka kuishika tena. Ndoo ikapinduka. Mke wa mwanangu, ninayeishi naye tangu nilipofiwa na mume, alitoka jikoni akanitazama usoni kwa muda mrefu mno.

"Mama, mdomo umekwenda upande."

"Nimelalia shavu," nilimjibu.

"Na mkono?"

"Nao nimeulalia."

Aliingia ndani akampigia simu muuguzi wa zahanati. Nilipomsikia akitaja gari la wagonjwa nilimfuata, huku mguu ukiburuzika, nikimwamuru akate simu hiyo mara moja. Hakukata. Ni binti mpole sana, na sijui ukaidi ule aliutoa wapi, isipokuwa kama aliuokota nyumbani kwangu.

Inanipasa kueleza chuki yangu kwa gari lile. Mume wangu aliondoka ndani yake Ijumaa, tarehe 14 Septemba 2018, likipiga king'ora, na kesho yake likamrudisha kimya. Katika kitongoji chetu hadithi za namna hiyo zimekuwa nyingi, kiasi kwamba gari hilo likisimama langoni pa mtu, wanawake hawaulizi anaumwa nini. Wanafunga kuni. Msiba unahitaji kuni nyingi za kuwapikia waombolezaji, na anayechelewa husemwa. Mimi sikuwahi kuchelewa. Mara mbili niliwahi mno: nyumba ya kwanza nilimkuta mgonjwa bado anatafutiwa viatu, na ya pili mgonjwa mwenyewe, mwenye malaria tu, alinifungulia mlango akaniuliza kuni zile ni za nini. Nilimwambia nauza.

Basi gari lilipofika langoni, nilikuwa nimeketi kitini nimevaa gauni la kanisani, nikiwa nimeuficha mkono wa kulia chini ya kitenge. Muuguzi na dereva walishuka na machela.

"Rudisheni hiyo," nilisema. Baadaye niliambiwa kwamba maneno yangu yalitoka kama uji unaomwagika, lakini mimi nilijisikia ninahutubia. "Nitakunywa chai ya tangawizi. Ikinilazimu kwenda, nitakwenda kesho kwa basi, kama watu."

"Mama, hiki ni kiharusi," muuguzi alisema. "Kadiri tunavyokaa hapa ndivyo mkono huo unavyozidi kupotea. Pengine na wewe mwenyewe."

"Mkono upi?"

Wakati huohuo jirani yangu aliingia uani, anahema, na mzigo wa kuni mgongoni. Aliponiona nimeketi alisimama ghafla.

"Aayo!" alisema, neno letu la Kiiraqw la kumwita mama. "Kumbe bado upo?"

"Unauza?" nilimuuliza.

Hata dereva alicheka. Muuguzi hakucheka, alichuchumaa mbele yangu.

"Haya mama, nimesikia wewe ndiye kalenda ya Endabash. Niambie leo ni tarehe ngapi. Ukipatia, tunaondoka na machela yetu."

Sijawahi kupewa mtihani mwepesi hivyo. Nilinyoosha mgongo. Nilihakikisha jirani ananisikia. Kisha nikaitamka yote, siku, tarehe, mwezi na mwaka, bila kusita.

Jirani aliutua mzigo wake taratibu.

"Mama," mke wa mwanangu alisema, "hiyo ni siku baba alipochukuliwa."

Nilidai daftari. Alilileta. Tarehe ya siku hiyo ilikuwa juu ya ukurasa, kwa mwandiko wangu uliosimama wima. Niliisoma mara mbili. Ningeweza kubishana na muuguzi, na daktari, hata na askofu, lakini sikuwa na namna ya kubishana na daftari. Nikaomba waniletee machela.

Sikuacha majivuno yote uani. Njiani nilikataa kulala.

"Lala, mama," muuguzi alisihi.

"Nikilala watadhani nimekufa, waanze kufunga kuni."

Basi alinishikilia, nami nikapunga mkono wa kushoto dirishani kwa kila nyumba, kama mgombea ubunge, hadi tulipoingia barabara ya lami. Siku ya tatu, alipokuja kunijulia hali hospitalini, aliniambia, kwa heshima kubwa, kwamba vioo vile vimepakwa rangi na aliye nje haoni kitu.

Daktari alisema tuliwahi, ila tungewahi zaidi kama mgonjwa asingekuwa na mazungumzo. Nilirudi nyumbani Ijumaa, tarehe 26 Julai, katika gari lilelile, nikiwa nimeketi. Mguu umerejea. Mkono umerejea nusu: unashika kikombe, chuchu bado, na tarehe ninazoandika sasa zinateremka ukurasani kama ng'ombe wanaokwenda mtoni.

Kuni zilikuwa bado uani. Nilimwambia jirani azichukue.

"Za msiba hazirudishwi nyumbani," alisema. "Utanitia mkosi."

"Msiba wenyewe haukuwepo."

"Hilo ulikosea wewe, siyo mimi."

Tukapikia makande. Zilikuwa zimekauka vizuri sana, na nilimwambia hivyo, kwa kuwa alikuwa amenichagulia kuni nzuri kuliko zile nilizowahi kumpelekea mtu yeyote. Alikula sahani mbili. Mimi nilikula moja, kwa mkono wa kulia, polepole, na nusu yake ikaishia kwenye gauni.