Dipoziti ya Marehemu Ooko

Nangila alirudi Nakuru siku chache baada ya kumzika mumewe huko Siaya. Kwenye mlango wa nyumba yao ya vyumba viwili, Kaptembwo, alikuta karatasi imebandikwa: mkataba unaisha mwisho wa mwezi, mpangaji afike kwa ajenti.

Walikuwa wamekaa hapo tangu binti yao Adero akiwa wa kubebwa mgongoni. Ooko alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha unga. Nangila alikaanga samaki na kuwauza langoni mwa ploti yao ya nyumba za kupanga. Walipoingia, Ooko ndiye aliyetia sahihi na kulipa dipoziti, amana ya kurudishwa mpangaji akihama, ingawa nusu ya pesa ilitoka kwa samaki.

Ajenti, kijana aitwaye Sydney, alimpa pole na kumvutia kiti. Kisha akamweleza kwamba kodi imepanda, kwamba kufanya upya mkataba kuna ada yake, na kwamba dipoziti lazima ilingane na kodi mpya.

"Basi niongeze tu ile imebaki," Nangila akasema.

"Hapana, mathe. Mkataba ulikuwa wa Ooko. Kwetu wewe ni mpangaji mpya. Utalipa dipoziti yote."

"Na ile ya kwanza?"

"Hiyo inarudi kwa familia yake."

"Si familia yake ni mimi?"

Sydney akaangalia meza. "Leta cheti cha kifo na barua ya chifu wa kwao. Tutakulipa."

Cheti kilikuwa kwa Joash, kaka yake Ooko, aliyesimamia mazishi. Nangila akampigia simu. Joash alisikiliza yote, akauliza ofisi iko wapi na ajenti anaitwa nani.

"Usisumbuke, shemeji," akasema. "Wewe pumzika. Hiyo nitashughulikia mimi."

Siku hiyo Nangila alikula akashiba, kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Mwezi ukakaribia kuisha na Joash hashiki simu. Nangila akarudi kwa Sydney.

"Kwani hakukuambia?" Sydney akashangaa. "Alikuja na cheti na barua. Tulikata pesa ya rangi na ya kitasa, tukampa iliyobaki."

Nangila alishuka ngazi. Alipofika chini aliomba simu ya muuza duka, akapiga. Namba ilikuwa ngeni, Joash akashika.

"Shemeji, mazishi yaliacha madeni," akasema, bila haya. "Na wewe bado kijana, utaolewa. Hiyo ilikuwa pesa ya boma."

"Na Adero si mtoto wa boma? Atalala wapi?"

Simu ikakatwa.

Alienda kwa chifu wa Kaptembwo, akaambiwa hayo ni mambo ya kifamilia, yamalizwe Siaya. Mama mmoja wa kanisani alimshauri aende kortini. Nangila akapiga hesabu ya nauli, ya wakili, ya siku ambazo hangeuza samaki, akaona kesi itamla zaidi ya ile dipoziti. Akaachana nayo.

Kemboi, mtunza ploti, alimtafutia chumba kimoja cha mabati huko Rhonda, kwa mzee aliyekubali dipoziti ilipwe kidogo kidogo. Viti na kitanda kikubwa havingeingia. Aliviuza pale pale uani, majirani wakibishana bei mbele yake.

Mzee wa Rhonda alitoa karatasi ya mkataba. "Niandike jina la bwana?"

"Andika langu. Nangila. Langu peke yake."

Mvua ikinyesha, maji huingia kwa pembe ya mlango, na Adero anaijua kazi yake: kuinua godoro. Wa kwao Ooko hawajawahi kuuliza mtoto yuko wapi. Ukumbusho wa mwaka mmoja ulifanywa Siaya, ng'ombe akachinjwa. Nangila alisikia habari hizo langoni, kwa mfanyakazi wa kiwandani aliyekuja kununua samaki, akidhani Nangila mwenyewe alikuwepo.