Makanisa Mawili, Wimbi Moja

Ndiyo kwanza nilikuwa nimekabidhiwa mitambo ya sauti ya kanisa letu pale Maisaka, na harusi ya Jumamosi ile ilikuwa ya kwanza kuisimamia peke yangu. Mchungaji alimuuliza bibi harusi kama anamkubali mwanamume aliyesimama naye. Binti akavuta pumzi. Kabla hajafungua mdomo, spika zetu zikajibu kwa sauti nzito ya kiume: "Hapana. Rudieni tena, na safari hii msiharakishe."

Watu walipigwa na butwaa. Kisha bibi harusi mwenyewe akaangua kicheko, nasi sote tukamfuata. "Ndiyo" yake aliisema bila maiki, kwa nguvu, hata waliosimama nje wakashangilia.

Ibada ilipoisha nilivuka barabara hadi kanisa la jirani. Nilimkuta mwalimu mstaafu akifundisha kwaya, maiki isiyo na waya mkononi. Nikamwamkia, nikamsimulia. Alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Maiki yake ilikuwa sawasawa na yetu: aina moja, na wimbi lile lile la redio.

Tulihamia mawimbi tofauti, lakini haikusaidia sana. Wiki chache baadaye tukaanza kumsikia mshereheshaji wa ukumbi wa karibu akiwaita watu mezani katikati ya sala. Hapo tukashauri makanisa yetu yanunue maiki za aina nyingine. Mwalimu, aliyefundisha fizikia miaka mingi, ndiye aliyenielewesha.

"Hizi haziling'ang'anii wimbi moja, mwanangu," alisema. "Zinaruka kutoka wimbi hadi wimbi, mara nyingi kwa sekunde, na mtambo wake wa kupokea unaujua mpangilio. Zikikutana na nyingine ni kwa kipande kidogo cha sekunde tu. Sikio halitambui."

Tulizijaribu siku moja asubuhi, yeye kwake, mimi kwangu. Nilihesabu moja hadi mia. Spika zetu zilitoa sauti yangu tu. Nilipotoka nje nilimkuta mwalimu amesimama barabarani, mikono juu kama aliyefunga goli.

Krismasi kwaya zote mbili ziliimba pamoja uwanjani kwetu, maiki sita zikiwaka kwa mpigo. Hakuna iliyoingilia mwenzake. Niliiacha mitambo, nikaenda kusimama na akina mama wa sauti ya pili, nikaimba mpaka koo likakauka.